Twendeni Tukaione Barafu Ingalipo

Kila Desemba stendi za Dar es Salaam hufurika watu wanaorudi Kilimanjaro. Tiketi za Moshi, Machame, Marangu na Rombo huadimika, magari binafsi hufuatana barabarani kutoka Chalinze hadi Same, na ikifika tarehe 23 vijiji vya mlimani vimekwisha changamka: mbuzi wanachinjwa, mbege inachachuka, watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa makaburi ya mababu zao katikati ya migomba. Asubuhi wingu likifunguka, mtu hutoka uani na mswaki mdomoni, akautazama mlima, akauona weupe juu ya kilele cha Kibo, akapiga picha moja ya kutuma kwenye kundi la familia, kisha akarudi ndani kunywa chai. Januari inaingia, mabasi yanageuza, na mwaka mwingine umepita bila wenye mlima kwenda kuuona weupe ule kwa karibu.

Nawaandikia ndugu hao, na pamoja nao wote wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ambao milima yenye barafu imo ndani ya nchi zao. Ombi langu ni hili: twendeni tukaione barafu yetu, tukiongozwa na watu wanaoijua, na tukirudi tuandike tulichokiona na tulichosimuliwa.

Naomba twende mapema. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti kuhusu Afrika likasema kwamba mambo yakiendelea yalivyo, barafu ya Mlima Kenya itakwisha katika miaka ya 2030, na ya Rwenzori na Kilimanjaro katika miaka ya 2040. Mwaka uliofuata UNESCO nayo ikazitaja barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya miongoni mwa zile zitakazotoweka ifikapo 2050. Afrika nzima haina mahali pengine penye barafu ya namna hii isipokuwa milima hiyo mitatu, na yote mitatu iko kwetu. Najua tarehe za namna hii zimewahi kutolewa zikapita. Mwaka 2002 jopo la Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State lilikadiria kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo. Lakini walikosea tarehe tu. Mwelekeo hawakuukosea, na yeyote anayepanda mara kwa mara atakwambia hivyo bila hata kuwasoma.

Tazama ilikotoka. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupima mlima na kuuchora ramani, na kwa ramani hiyo barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Ilipopimwa tena karne moja baadaye, mwaka 2011, zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Wapandaji kutoka Ulaya, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine, kwa saa nyingi. Leo mtu anaanzia Marangu, anapita vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, anatembea juu ya changarawe na vumbi la volkano hadi kwenye ubao wa kilele cha Uhuru, mita 5,895, na huenda asikanyage kipande kimoja cha barafu. Anaitazama pembeni tu.

Hata hivyo kuitazama pembeni kunatosha kumbadilisha mtu, kwa hiyo ngoja nikueleze utakachokiona.

Ukitokea kambi ya Barafu unaondoka kama saa sita usiku. Baridi ni kali kiasi kwamba chupa ya maji unaiweka kichwa chini, ndani ya soksi, ili maji yanapoanza kuganda yagande upande wa kitako na mdomo ubaki wazi. Mbele yako na nyuma yako ni mstari wa taa za kichwani, na sauti ya kiongozi ikirudia pole pole, pole pole, kwa utulivu wa mtu aliyeisema maelfu ya mara. Karibu na mapambazuko unafika Stella, ukingoni mwa kreta. Ukielekea Uhuru kutoka hapo, upande wako wa kushoto, kusini, ndiko zilikobaki barafu zilizopewa majina ya wageni wa zamani: Rebmann, Decken, Kersten, Heim. Upande wa kulia ni kreta yenyewe, na humo ndani imekaa barafu ya Furtwängler, au tuseme mabaki yake: mwaka 1976 ilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 113,000, na kufikia 2000 ilikuwa imebaki kama nusu tu. Imeendelea kupungua tangu hapo.

Wachache wanaolala kambi ya kreta huweza kusimama hatua kadhaa kutoka kwenye ukuta wa barafu. Ni ukuta kweli, umesimama wima kuliko nilivyowahi kudhani barafu inaweza kusimama, na sehemu za kaskazini unazidi kimo cha nyumba ya ghorofa kadhaa. Hauna weupe mtupu. Una matabaka, meupe na ya kijivu yakipishana, na hapa na pale mstari mwembamba wa kahawia, ambao ni vumbi la miaka ya ukame lililotua juu ya theluji kisha likafunikwa na theluji nyingine. Ukisogea, kwa umbali ambao kiongozi amekuruhusu, unaona viputo vidogo vya hewa vilivyofungwa ndani. Hewa hiyo ilivutwa na watu ambao hatuna jina hata la mmoja wao. Thompson na wenzake walitoboa barafu hii mwaka 2000 wakatoa nguzo ndefu za sampuli, na kwa hesabu zao tabaka la chini kabisa lina umri wa takriban miaka 11,700. Chini ya ukuta, ardhi ni majivu makavu. Hakuna kijito wala dimbwi la maana.

Ukavu huo unawashangaza wengi, na ndiyo sababu napenda mtu auone kwa macho kabla hajabishana kuhusu kinachoimaliza barafu. Juu kule wastani wa joto kwa mwaka uko chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kuwa maji. Inapigwa na jua, inageuka mvuke moja kwa moja na kupotea hewani, kama vile vipande vya barafu vilivyosahaulika kwenye friza vinavyosinyaa bila kulowesha kitu. Jua la ikweta linazichoma kuta za kaskazini kwa miezi kadhaa, kisha linahamia za kusini. Theluji mpya ikianguka haiwezi kushika kwenye ukuta uliosimama wima, kwa hiyo ukuta ukirudi nyuma haurudi tena mbele. Na theluji yenyewe imepungua: tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya juu ya mlima imekuwa kavu zaidi, mawingu machache, na barafu iliyokosa kufunikwa na theluji nyeupe inakunywa mwanga wa jua badala ya kuurudisha. Wataalamu wanauhusisha ukavu huo na mabadiliko ya Bahari ya Hindi, na juu yake umekuja ujoto wa dunia tunaousababisha wanadamu. Habari yenyewe ni ndefu, na inafahamika vizuri zaidi ukiwa umesimama mbele ya ukuta kuliko ukiisoma darasani.

Sasa nije kwa waongozaji, kwa sababu ndio kiini cha ombi langu.

Tangu zamani wageni wameufikia mlima huu wakitanguliwa na wenyeji. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa wa kwanza kuwaandikia Wazungu kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, alifika huko katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia. Mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, alibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, naye hakuwahi kufika. Wachaga walikuwa wakiitazama kila asubuhi. Kwa Meyer, Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa miongoni mwa waliokwenda naye akiwa kijana. Akaendelea na kazi ya kuongoza wapandaji kwa miongo mingi, akafariki mwaka 1996 akiwa mzee sana. Fikiria mtu mmoja aliyeuona mlima ukiwa umevaa barafu hadi chini, na aliyeishi hadi tukaanza kuihesabu vipande. Angekaa na mwalimu mmoja mwenye daftari kwa wiki moja, tungekuwa na hazina ya taifa.

Tuliyempoteza tumempoteza. Wapo wengine. Moshi, Marangu, Machame, Umbwe na Rongai kuna wanaume na wanawake waliopanda mlima huu kwa miaka 20 na 30. Walianza wakiwa wapagazi, wakawa wapishi, wakawa wasaidizi, wakasomea, wakapata leseni ya hifadhi. Anayepanda mara mbili kwa mwezi anaifahamu barafu kama jirani: anajua ilipokuwa inaishia alipoanza kazi, anajua mwaka ambao barafu moja ilikatika katikati ikawa mbili, anajua mahali palipokuwa na barafu ya kuvuka kwa miguu na sasa pana mawe. Vyombo vya wanasayansi, kama kituo cha hali ya hewa kilichowekwa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000, hupima pale vilipofungwa. Waongozaji wamepita kila mahali. Na karibu kila walichokisimulia wamewasimulia wageni, kwa Kiingereza na Kijerumani, usiku kwenye hema la chakula, kikaondoka na ndege ya kesho yake.

Kwa hiyo ukipanda, uliza. Uliza kwa lugha yetu, ambayo kwayo kiongozi wako atasimulia bila kutafuta maneno. Mzee, ulipoanza kazi barafu hii ilifika wapi? Ulipita wapi kwenda juu? Nani alikufundisha, na yeye alisema ilikuwaje? Muulize kwenye njia ya kushuka au jioni kambini wakati wa chai na bisi, asubuhi ya kileleni mwache afanye kazi yake. Ukitaka kumrekodi kwa simu, muombe ruhusa, na ukirudi umpelekee nakala. Andika tarehe, saa na mahali. Piga picha ya barafu kutoka mahali ambapo mwenzako wa mwaka kesho ataweza kusimama vilevile: kwenye ubao wa Uhuru, Stella, Lava Tower, ukiandika ulielekea upande gani. Picha ya uso wako ikitabasamu mbele ya ubao ni halali yako kabisa. Piga na ya pili, wewe ukiwa nje ya fremu.

Kazi ya kutunza picha wanaweza kuifanya hata wasiopanda. Nyumba nyingi za Moshi zina albamu zenye picha za harusi, ubatizo na mahafali za miaka ya 1960 na 1970 zilizopigwa nje, mlima ukiwa nyuma. Bibi yupo, anakumbuka ilikuwa mwaka gani na walisimama wapi. Zitoeni kabatini, mzipige picha kwa simu, mwandike nyuma majina na mwaka. Tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliusimika mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya kilele hiki, na toka siku ile hatukuacha kukiimba na kukichora kwenye fedha na nembo. Mlima tunaouheshimu hivyo tunapaswa pia kuwa na kumbukumbu zake mikononi mwetu.

Gharama, najua, ndiyo swali lililokaa mdomoni mwa msomaji. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa nje. Mzigo mkubwa uliobaki ni kampuni, wapagazi, chakula na vifaa, na nguo za baridi na mifuko ya kulalia hukodishwa Moshi mjini. Bado ni fedha. Lakini tunaijua njia ya kuchanga. Tunachanga harusi, tunachanga sendofu, tunachanga kipaimara, na vikoba vyetu vimejenga nyumba. Watu 10 wa ofisi moja, kwaya, darasa la mwaka fulani au ukoo wakiweka fedha kidogo kidogo kwa miezi 11, watafika mlimani bila mkopo.

Hapa nitasema jambo ambalo halipendezi. Tukipata safari ya bei nafuu, tusiifanye nafuu kwa mgongo wa mpagazi. Kanuni ya hifadhi inasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mizani iko getini kwa ajili hiyo. Kuna safari ambazo mizigo inapunguzwa mbele ya mizani kisha inarudishwa kwa mtu yuleyule mbele kidogo ya kona ya kwanza. Kuna vijana wanaopanda na viatu vya raba vilivyochanika, wanaolala bila blanketi la maana kwenye hema la kupikia, wanaopewa mlo mmoja. Toka mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ambao huangalia kampuni zinavyowatendea; ulizia kama kampuni unayoitaka imo. Uliza kabla ya kulipa: mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku? Analala wapi? Anakula mara ngapi? Nani anampa jaketi? Kampuni nzuri itakujibu bila kusita. Na mwisho wa safari toa tipu, kila mtu mkononi mwake, kwa kadiri ya uwezo wako. Tumezoea kuona tipu ni jambo la wazungu. Aliyekubebea maji na hema hadi mita 4,600 ni mdogo wako, na shule ya mtoto wake inategemea wiki ile.

Mpagazi nimemwangalia akifungasha. Anaweka gunia la mahema chini, anakunja kitambaa kuwa ngata, anaikalisha kichwani, anainama kidogo na mwenzake anamtwika. Anasimama taratibu, shingo imenyooka, anatafuta mizani ya mwili kwa sekunde chache, kisha anakwenda, na anakupita. Jioni unafika kambini umechoka, hema lako limekwisha simamishwa na maji ya kunawa yana moto. Ukimwambia "shikamoo" au "pole na kazi", kadiri ya umri wake, anatabasamu kwa mshangao, kwa sababu hajazoea kupandisha watu wa kwao. Ningependa azoee.

Usalama nao una sheria zake. Tangu 1991 hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na ni sheria nzuri. Usinunue safari ya siku tano kwa kuwa ni rahisi. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyembamba, na siku moja zaidi pale Horombo, au njia ndefu kama Lemosho, ndiyo inayowafikisha watu wengi. Kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na kichefuchefu ni dalili za kutaja mara moja, hata kama unaona aibu mbele ya wenzako. Mtu akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au kukohoa huku anakosa pumzi akiwa amekaa, mapafu au ubongo wake umo hatarini na dawa ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo, bila kikao. Kiongozi mzuri atakupima kwa kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, atakuuliza umelala vipi, na siku moja huenda akakwambia rudi. Akisema rudi, rudi. Kijana wa mjini mwenye mazoezi ya gym ndiye anayekuwa mgumu kuambiwa.

Na barafu usiikaribie kwa kiburi. Inaposhika mawe kwa baridi, hayo mawe yametulia, inapopungua, yanaachiliwa. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya magharibi, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Wanaopita upande huo huvuka alfajiri, ardhi ikiwa bado imeganda, na huvaa kofia ngumu. Usisimame chini ya ukuta wa barafu kupiga picha, usivunje kipande cha kushuka nacho, usimwage chochote juu yake.

Kwa walio Kenya, mnayo Lewis, barafu iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote Afrika. Njia ya Naro Moru inapanda kupitia bonde la Teleki, na mtu asiyejua kupanda miamba kwa kamba anaweza kufika Point Lenana, mita 4,985, akiwa na kiongozi. Lewis imekatika vipande viwili, na picha za zamani zilizopigwa karibu na kibanda cha Austrian Hut zinaumiza moyo ukizishika mkononi mahali palepale. Yenu ndiyo itakayotangulia. Msingoje.

Rwenzori ni safari nyingine kabisa: matope, magogo yenye kuvu, mvua ya kila siku, na mwisho wake barafu ya kutembea juu yake kwa vyuma vya miguuni na kamba kiunoni, kuelekea Margherita, mita 5,109, juu ya mpaka wa Uganda na Kongo. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipoipanda milima ile, barafu ilikuwa juu ya milima sita ya safu hiyo. Wabakonzo, walio wenyeji wa pande zote mbili za mpaka, wanaitazama barafu hiyo kwa heshima ya kidini tangu enzi za mababu, na ndio wanaoongoza wageni; chama chao cha kuongoza wapandaji upande wa Uganda kilianza 1987. Kuna wazee huko wenye masimulizi ambayo hayapatikani Kilimanjaro. Ndugu wa Kasese, Bundibugyo na Beni, kaeni nao.

Wapo ambao hawawezi kupanda hadi juu, kwa umri, moyo, presha au ujauzito. Shira inafikika, sehemu kubwa ya njia kwa gari, na kutoka kwenye uwanda wake unauona upande wa magharibi wa Kibo ukiwa karibu. Marangu unaweza kutembea kwa siku moja kutoka getini hadi Mandara, ndani ya msitu, ukarudi kulala mjini. Na naomba safari ya msitu isidharauliwe. Wengi wanaamini barafu ikiisha mito ya Kilimanjaro itakauka. Ukweli ni kwamba maji yanayojaza mifongo (mifereji) ya Wachaga na mto Pangani yanatoka zaidi sana kwenye mkanda wa msitu, unaokusanya mvua na ukungu. Barafu inachangia kidogo mno. Moto wa Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022, uliteketeza maeneo makubwa ya vichaka na misitu ya juu. Barafu hatuwezi kuizuia isiondoke kwa mikono yetu peke yetu. Moto tunaweza kuuzuia. Anayepanda akaona mabua meusi ya mimea mikubwa iliyoungua, ile isiyopatikana popote ila milima yetu, hatawasha moto wa asali kizembe, wala hatanyamaza jirani akiuwasha.

Walimu, ombi langu kwenu ni la pekee. Shule za Moshi Vijijini, Hai, Siha na Rombo ziko chini ya mlima, na darasa zima linaweza kumaliza kidato cha nne bila mwanafunzi mmoja kupita geti la hifadhi. Mwalikeni mwongozaji mmoja mzoefu darasani kwa kipindi kimoja cha jiografia. Aje na picha zake, aeleze, watoto waandike. Kisha waombeni wazazi na hifadhi, muwaandalie watoto safari ya Mandara. Wa kidato cha nne wa mwaka huu watakuwa na miaka 40 hivi barafu itakapokuwa imekwisha kwa makadirio ya leo, na watoto wao watawauliza ilikuwaje.

Kiangazi kizuri cha kupanda ni kuanzia Januari hadi mapema Machi, na tena Juni hadi Oktoba; Desemba mvua za vuli huwa zinaelekea ukingoni, na safari za kuadhimisha Uhuru hupandisha Watanzania wengi kwa pamoja. Kundi linalotaka kwenda lianze sasa. Ndani ya mwezi huu itisheni kikao, mchague mweka hazina, mpange kiwango cha kila mwezi, na mtu mmoja apewe kazi ya kuzungumza na kampuni tatu na kuwauliza yale maswali ya wapagazi. Wote wapime afya miezi miwili kabla, waanze kutembea milima ya karibu kila Jumamosi, na kila mmoja aingie safarini na daftari lake na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huganda.